Mrejesho: Mama mwenye maumivu ya magoti na suala la mazoezi

Wapendwa, niliomba ushauri kuhusu mama yangu, ambaye magoti yake yanamuuma na kukakamaa asubuhi, nikiuliza kama apumzike au afanye mazoezi, kwa kuwa majirani walishikilia kwamba goti linalosagika likitumika litaisha kabisa. Ahsanteni kwa majibu. Haya ndiyo yaliyofuata.

Daktari alithibitisha kuwa ni osteoathritisi, yaani kusagika kwa maungio, wala si baridi yabisi ile ambayo kinga ya mwili hushambulia utando wa maungio, maana hiyo huhitaji dawa maalumu mapema na mazoezi peke yake hayaizuii. Mtaalamu wa fiziotherapia alieleza jambo ambalo sikulijua: gegedu, yaani ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye maungio, halina mishipa ya damu, hivyo hupata lishe kutoka kwenye ute wa maungio pale goti linapobanwa na kuachiliwa, na msuli wa mbele wa paja ukiwa dhaifu, goti huelemewa zaidi. Kwa hiyo mama huketi kitini na kunyoosha mguu mmoja mmoja, akiushikilia kwa sekunde 5 kabla ya kuushusha. Husimama na kuketi bila kujishika. Kisha hutembea kwenye njia tambarare. Maumivu madogo huyavumilia, lakini yakizidi hadi kesho yake au goti likivimba, hupunguza kiasi bila kuacha kabisa (hapa ndipo nilipobishana sana na shangazi).

Sasa anakwenda sokoni na kurudi kwa miguu, ingawa kushuka ngazi bado kunamsumbua, na mtaalamu ameshauri aendelee hivyo huku akipunguza uzito.