Pweza juu ya mbuzi ya nazi: kwa nini rangi ya mafuta inapasuka?

Rangi_Malindi: Assalaam alaykum wachoraji. Nachora pweza aliyelazwa juu ya mbuzi ya nazi, nyuma giza tupu. Chini nimepaka nyeusi ya mifupa na mafuta mengi ya kitani, juu rangi iliyozimuliwa kwa tapentaini. Mikono ya pweza imeanza kupasuka. Sababu nini? Na pweza mwenyewe nimweke vipi asioze?

FundiTurubai: Wa alaykum salaam. Mpangilio umekwenda kinyume. Nyeusi ya mifupa hunywa mafuta mengi na hukauka polepole mno. Tabaka jembamba la juu likiwahi kukauka huku la chini bado linasogea, lazima lipasuke. Giza la chini lipatikane kwa kahawia ya amba na buluu ya ultramarini, kwa tapentaini tu, maana amba hukauka haraka. Mafuta yaongezwe kadiri unavyopanda juu. Hapo palipopasuka kwangua. Ukipaka juu yake nyufa zitarudi. Na tafadhali, mafuta ya nazi yasikaribie kabisa rangi: hayakauki.

Wete_Brashi: Pweza mchore kwanza, kikao kimoja, maana rangi ya ngozi yake hubadilika upesi. Mbuzi itakungoja. Wazo zuri sana hilo, meno ya chuma yaelekeze kwa mtazamaji.

FundiTurubai: Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivirundike, huweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.