Mjadala: Shambulio lililofutwa lichezwe kana kwamba halikufutwa?

MWANZISHA MADA

Wanajamvi, salamu kwenu. Naleta hoja iliyotugawa sisi wachezaji sita wa michezo ya vita ya mezani, na naamini inawahusu walimu wa historia pia, kwa kuwa mmoja wetu anafundisha kidato cha tano na anataka kuupeleka mchezo huu darasani. Mchezo wa vita huwa na senario, yaani mechi iliyopangiwa ramani, majeshi na tarehe yake. Sasa senario ikijengwa juu ya shambulio ambalo Waingereza walilipanga kisha likafutwa kabla askari hata mmoja hajakanyaga pwani, je, inafunza historia au inaipotosha?

Mfano nilio nao ni shambulio la visiwa vya Andaman, lililopewa jina la siri la Buccaneer. Wajapani waliviteka visiwa hivyo tarehe 23 Machi 1942, na tangu hapo Port Blair ikawa ngome yao upande wa mashariki wa Ghuba ya Bengal. Mwishoni mwa 1943, Admirali Louis Mountbatten, aliyekuwa ndiyo kwanza amekabidhiwa majeshi ya Washirika ya Asia ya Kusini-Mashariki, alikuwa na mpango wa kuvitwaa. Katika mkutano wa Cairo, ulioanza tarehe 22 Novemba mwaka huo, Rais Roosevelt alimwahidi Chiang Kai-shek, kiongozi wa China, kwamba shambulio la baharini litafanyika baada ya miezi michache, ili majeshi ya China nayo yaingie Burma (Myanmar ya leo) kutoka Yunnan, jimbo la China lililopakana nayo. Kutoka Cairo, Roosevelt na Churchill walikwenda Teheran kuonana na Stalin, wakarudi wakiwa wamejifunga kuivamia Ufaransa mwaka 1944 kwa upande wa kaskazini na wa kusini. Vyombo vya kuteremshia askari na vifaru pwani havikutosha kwa yote hayo. Tarehe 5 Desemba, Roosevelt alikubali Buccaneer ifutwe.

Senario tuliyoicheza inaanza Machi 1944, kana kwamba siku ile ya Desemba haikupambazuka. Pembeni mwa ramani kuna kisanduku chenye vipande 24 vya karatasi ngumu, rangi ya kijivu, kila kimoja kikiwa na picha ndogo ya meli yenye mdomo mpana. Hivyo ndivyo vyombo vya kuteremshia, na mchezaji wa upande wa Uingereza anavipokea vyote zamu ya kwanza bila kudaiwa chochote. Nilicheza upande huo. Zamu ya tano nilikuwa Port Blair, nikapewa mkono na wenzangu, nikaenda kulala nikiwa na furaha. Asubuhi yake ndipo nilipoanza kujiuliza nilikuwa nimeshinda nini hasa, maana vile vipande vya kijivu ndivyo vilivyokuwa ugomvi wenyewe wa Cairo, na mtunzi alikuwa amenigawia kama njugu.

Msimamo wangu ni kwamba senario ya namna hii, kama haikubeba ndani ya kanuni zake sababu iliyolifuta shambulio, haifai kuitwa somo la historia. Ichezwe kama drafti, sina neno, lakini mwanafunzi asiambiwe kwamba hivyo ndivyo vita vilivyokuwa.

MCHANGIAJI WA PILI

Ndugu mwanzisha mada, nimekusoma kwa makini na sikubaliani nawe, ingawa nakiri kwamba umeieleza hoja yako vizuri.

Unauhukumu mchezo kwa kosa la kutojibu swali ambalo haukuulizwa. Swali la mtunzi lilikuwa la kijeshi tupu: je, visiwa vile vingeweza kutwaliwa, na kwa askari wangapi? Swali hilo si dogo, kwa sababu liliwagonganisha wakubwa wenyewe. Mountbatten aliomba askari wapatao 50,000, ilhali Wajapani waliokuwako walikadiriwa kuwa 5,000 tu. Churchill aliposikia uwiano huo wa kumi kwa mmoja alishtuka, akaona ni kupita kiasi. Nani alikuwa na haki? Makabrasha hayawezi kutupa jibu, kwa kuwa shambulio halikufanyika. Kilichobaki ni kulijaribu, na jaribio lolote la maana huanza kwa kushika mambo mengine yote yatulie ili lile moja unalolipima lionekane.

Linganisheni na Tarawa, visiwa vya matumbawe vya Bahari ya Pasifiki. Juma lile lile ambalo wakuu walikuwa wanakutana Cairo, Wamarekani walikuwa wanapigania kisiwa cha Betio, ambacho mtu anaweza kukitembea toka mwisho hadi mwisho kabla chai yake haijapoa sana. Walinzi wa Kijapani hawakufika 5,000. Mapigano yalidumu tangu tarehe 20 hadi 23 Novemba, na Wamarekani kama 1,000 waliuawa kwa ajili ya kipande hicho cha matumbawe. Ukiitazama Tarawa, zile 50,000 za Mountbatten hazionekani tena kuwa woga. Lakini ukikumbuka kwamba Andaman ni visiwa vikubwa vyenye misitu, ambako mlinzi hawezi kuwepo kila ufukwe, unaanza kumwelewa Churchill pia. Mimi nimeicheza senario hii mara saba kwa idadi tofauti za askari, na nilichojifunza ni kwamba askari wa miguu hawakuwa tatizo kubwa. Tatizo ni anga. Ndege za kivita kutoka viwanja vya nchi kavu zilikuwa mbali mno, kwa hiyo kila kitu kinaning'inia kwenye manowari za kubebea ndege, na dadu ikikugeuka ikakuondolea moja, askari wako 50,000 wanakaa ufukweni bila mwamvuli.

Hilo ni somo, ndugu yangu. Ukiongeza Cairo, Teheran, Yunnan na uvamizi wa Normandy kule Ufaransa juu yake, utakuwa umetengeneza mchezo wa kamati, na mechi nyingi zitakwisha kabla mashua haijateremshwa majini.

MCHANGIAJI WA TATU

Mimi ndiye mwalimu aliyetajwa, na nitasema kwa ufupi kwa sababu nina daftari za kusahihisha.

Nina vipindi viwili vya dakika 40. Senario nzima haiingii humo hata kwa kusukuma, kwa hiyo nilichokifanya ni kuwaweka wanafunzi wanne mezani, mmoja Roosevelt, mmoja Churchill, mmoja Chiang, mmoja Mountbatten, nikawapa vile vipande vya kijivu peke yake, bila ramani, niwaone watavigawa vipi. Yule wa Chiang alipoona vimekwenda Ulaya vyote alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Basi nilipwe.” Hakuwa amesoma popote kwamba Chiang halisi, baada ya kuletewa habari za kufutwa, aliomba mkopo wa dola bilioni moja kutoka Marekani. Darasa zima lilicheka nilipowaeleza, na sidhani kama watasahau.

Kwa hiyo niko upande wa mwanzisha mada, isipokuwa sioni haja ya kumlaumu mtunzi. Mchezo wake ni wa watu wazima wenye Jumamosi nzima.

MCHANGIAJI WA NNE

Nimekulia Mombasa, na kuna jambo moja katika senario hii ambalo wenzangu mmelipita bila kuligusa. Kwenye akiba ya upande wa Uingereza mtunzi ameweka Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yaani askari wa Keya (KAR, jeshi la kikoloni la King's African Rifles). Naelewa kwa nini amefanya hivyo: divisheni hiyo ilikuwa Ceylon (Sri Lanka ya leo), nayo Ceylon ndiyo kituo cha karibu, kwa hiyo mtu akipanga shambulio la kufikirika ni rahisi kuwatia. Lakini kanuni inasema kwamba vikosi vya kujazia vinavyotoka Afrika “vinawasili” zamu ya tatu. Vinawasili tu, bila dadu na bila hatari, kama barua.

Bahari ya Hindi haikuwa hivyo. Baada ya Wajapani kuishambulia Colombo na Trincomalee mwezi wa Aprili 1942, sehemu kubwa ya meli za kivita za Uingereza ilirudi nyuma hadi Kilindini. Wazee wa Mombasa walikuwa wakiusimulia wakati huo ambapo bandari ilijaa mabaharia na taa za usiku zilifunikwa. Meli zilizovuka kutoka hapo kwenda Ceylon zilivuka zikiwindwa. Tarehe 12 Februari 1944, mwezi mmoja tu kabla ya tarehe ambayo senario yetu inaanza, meli ya Khedive Ismail iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na Maldives. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wengi wao wakiwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki, na pamoja nao wauguzi wa kike. Manowari zilizokuwa zikiisindikiza zilitupa mabomu ya kina kumsaka adui huku manusura wakiwa bado wanaelea pale pale.

Mchangiaji wa pili anasema kwamba jaribio lazima lishike mambo mengine yatulie. Sawa, lakini nauliza: kwa nini linalotulizwa siku zote ni lile linalotuhusu sisi? Manowari ya kubebea ndege inatupiwa dadu, meli ya askari wa Keya haitupiwi. Sisemi kwamba mtunzi ana nia mbaya. Nasema kwamba alipokuwa anachagua kipi ni hatari na kipi ni usafiri tu, alikuwa tayari anaandika historia, apende asipende.

Na kwa kuwa tumezungumzia askari hao, wasomaji wajue kwamba divisheni hiyo haikwenda Andaman, ilikwenda Burma kwa nchi kavu. Ilishuka bonde la Kabaw katikati ya masika ya 1944, kwenye tope na malaria, na mwanzoni mwa Desemba ikaingia Kalewa, kwenye mto Chindwin. Hiyo ndiyo safari waliyoifanya kweli, na ningependa siku moja niione nayo ikiwa mezani.

MCHANGIAJI WA PILI

Hoja ya meli naipokea bila kubisha. Kanuni ya zamu ya tatu ni mbovu, na kuirekebisha ni kazi ya mstari mmoja. Lakini angalieni kwamba mmeirekebisha kwa kuucheza mchezo. Kama kusingekuwa na senario, nani angeuliza habari za Khedive Ismail leo?

MCHANGIAJI WA TANO

Nawashukuru wote, ila bado hakuna aliyewataja wenyeji wa visiwa. Katika ramani niliyoiona, Port Blair ni pembesita moja, yaani kichumba kimoja cha ramani, yenye alama ya nanga na pointi kumi. Mwishoni mwa Desemba 1943 Subhas Chandra Bose, mpigania uhuru wa India aliyeungana na Wajapani, alifika hapo, na tarehe 30 akapandisha bendera ya serikali yake ya India huru, ingawa mamlaka halisi yalibaki mikononi mwa Wajapani. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 30 Januari 1944, Wajapani waliwapiga risasi raia 44 kwa tuhuma kwamba walikuwa wakiwapelekea Waingereza habari. Kwa maneno mengine, hata shambulio lililokuwa limeshafutwa huko Cairo liliendelea kuua watu Port Blair, kwa sababu mlinzi hakujua kwamba limefutwa na alikuwa akimtilia shaka kila jirani.

Na lingefanyika, Waingereza wangekuwa wanateremsha askari, Wahindi wakiwa miongoni mwao, mahali palipokwisha kupandishwa bendera ya uhuru wa India. Sijui pointi ngapi ziwekwe hapo. Najua tu kwamba si kumi, na si za upande mmoja.

MWANZISHA MADA

Nimesoma michango yote, mingine mara mbili. Mchangiaji wa pili amenisogeza kidogo: nilikosea niliposema mchezo kama huu hauna cha kufunza, maana lile la anga na manowari za kubebea ndege sikuwa nimelifikiria, na nimelithibitisha jana usiku kwa kupoteza manowari mbili mfululizo.

Lakini kwenye kiini bado sijahama, na nitaongeza sababu moja ambayo haijasemwa. Senario inaanza Machi 1944, na Wajapani wa mezani wanakaa kusubiri kushambuliwa. Wajapani halisi, mwezi huo huo, walivuka Chindwin kwa divisheni tatu wakielekea Imphal na Kohima, miji ya India iliyo karibu na mpaka wa Burma, na vita hivyo viliendelea hadi Julai. Mchezaji wa Uingereza anayeimwaga akiba yake Andaman anaimwaga wakati mlango wa nyuma unavunjwa, ila ramani inakatika baharini na hawezi kuuona. Kwa hiyo hata swali la kijeshi tupu halijibiwi, kwa kuwa mtunzi amemfuta Stalin, amemfuta Chiang, na adui naye amemfuta nusu.

Mimi na mwalimu tumekubaliana tuandike upya ukurasa wa kwanza wa kanuni, mengine tuyaache kama yalivyo. Zamu ya kwanza itakuwa Cairo, wachezaji wanne, vipande 24 vya kijivu katikati ya meza, na kila chombo kinachokwenda Ulaya hakirudi. Watakaobakiwa na vyombo vya kutosha wataendelea hadi Port Blair. Watakaokosa wataandika kwenye karatasi nani wamemvunjia ahadi na wanamlipa nini, kisha watafunga sanduku. Kila meli inayotoka Kilindini itatupiwa dadu. Suala la pointi za Port Blair bado hatujalimaliza: mwalimu anataka ziondolewe kabisa, mimi nataka mchezaji apunguziwe kila zamu ambayo shambulio linajulikana kuwa linakuja lakini halijafika. Mwenye pendekezo bora alilete, tunacheza Jumamosi ijayo.