Roboti za ghala: nipime nini kabla ya kununua?

Njia za ghala ni mita 1.8, paleti upana 1.2, mzigo kilo 800. Safari 40 kwa saa. Roboti ngapi?

— Safari moja ikichukua dakika 6: 40 × 6 ÷ 60 = 4. Ongeza moja ya kufidia muda wa kuchaji. Roboti mbili zenye paleti haziwezi kupishana kwenye njia hizo, kwa hiyo njia ziwe za uelekeo mmoja.

— Sakafu kwanza, jamani! Nyufa na vumbi hukwamisha magurudumu. Leza ya usalama huona kimo kimoja tu. Leza hiyo huzikosa uma za foklifti zilizoinuliwa, kwa hiyo dai kamera za kina (zinazopima umbali wa vitu vilivyo mbele, juu hadi chini). Wi-Fi ijaribiwe rafu zikiwa zimejaa.

— Muuzaji athibitishe ISO 3691-4 (kiwango cha usalama cha magari ya mizigo yasiyo na dereva), na VDA 5050 (lugha ya pamoja ya mawasiliano kati ya roboti na mfumo unaoziongoza) mkitaka kuchanganya roboti za chapa tofauti.