Tupeane uzoefu: Kuishi kwenye mitaa ya kupangwa (yote imechorwa na kujengwa kwa mpango mmoja) yenye mabwawa, mto wa kuelea na jimu. Huko ndani maisha yakoje?

Mzawa_wa_Pasiansi (mtoa mada)
Wakuu, habari za majukumu.

Tupo Houston, apatimenti imetuchosha, mkataba unaisha karibuni. Wikiendi hizi tumezunguka nyumba za mfano upande wa Cypress na Fulshear. Kila tulipofika ni yaleyale: maji baridi, biskuti, halafu kabla hujaoneshwa hata jiko unapelekwa kwenye bwawa. Mto wa kuelea (mfereji wa maji unaozunguka, unakaa kwenye boya unaelea) na maboya yake, slaidi za maji, viwanja vya pickleball (mchezo kama tenisi ndogo), jimu, njia za baiskeli, ziwa la kuchimbwa, na shule ya msingi ndani kwa ndani. Mke wangu kashaanza kuchagua mapazia.

Bei ya nyumba ipo kwenye tangazo, hiyo siulizi. Nataka yale ya baada ya kukabidhiwa funguo: mnalipa nini na nini, majirani wakoje, na hayo mabwawa mnayatumia kweli? Popote ulipo, Marekani au nyumbani. Karibuni.

Kitunguu_Saumu
Mkuu, mimi nipo upande wa Katy. Nianze na kodi, maana ndiko kwenye kilio.

Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo shule na kaunti zinajilipa kupitia kodi ya majengo. Ukitoka nje ya mipaka ya jiji unakutana na kitu kinaitwa MUD, yaani wilaya ya maji. Mwendelezaji, yaani kampuni inayoujenga mtaa, anatandaza mabomba ya maji safi, majitaka na mitaro, kisha wilaya inauza hati fungani kumrudishia fedha zake. Deni linalipwa na nyie wenye nyumba, ndani ya kodi, miaka na miaka. Ukijumlisha zote, mtaa mpya unaweza kufika asilimia 3 ya thamani ya nyumba kwa mwaka.

Sasa sikia la mwaka wa pili. Kodi inakadiriwa kwa hali ya mali ilivyokuwa Januari 1. Sisi tulihamia Agosti. Januari ya mwaka ule pale palikuwa kiwanja kitupu, kwa hiyo bili ya kwanza ilikuja ya kiwanja, dola 1,900. Tukashangilia. Mwaka uliofuata nyumba ikathaminiwa 372,000, bili ikavuka 11,000. Benki nayo ilikuwa inakusanya eskro, yaani fedha za kodi inazokata kwenye malipo yako ya mwezi, kwa hesabu ya kiwanja, kwa hiyo ikadai pengo la nyuma na ya mbele kwa pamoja. Malipo ya mwezi yakatoka 2,480 yakagonga karibu 4,000. Pengo lilipoisha yakashuka hadi 3,250, na huko kwenye 2,480 hatujarudi tena.

Jirani yetu mmoja wa Goma aliyenunua mtaa huohuo alidokezwa mapema. Akawa anatupia 800 kwenye akaunti ya pembeni kila mwezi, bili ilipokuja akalipa, akaendelea kuchoma nyama yake.

Ada ya HOA, kile chama cha wenye nyumba, kwetu ndiyo ndogo: 1,350 kwa mwaka. Watoto wanashinda bwawani kuanzia shule zinapofungwa mwisho wa Mei. Mimi nafanya zamu za usiku hospitali. Bwawa naliona asubuhi nikirudi, limefungwa kufuli.

Chapati_Maji
Nipo hapa najifunza, wakuu. Endeleeni.

Dereva_wa_I35
Mimi nilishahama, nitasema bila kuuma maneno.

Naendesha semi, lori langu mwenyewe. Mtaa niliokuwa nakaa, kaskazini mwa Dallas, kichwa cha lori hakiruhusiwi kulala barabarani wala mbele ya gereji yako, hata bila trela. Barua ya kwanza ilikuja na picha ndani, imepigwa saa sita kasoro usiku. Nani alikuwa macho saa hizo, mpaka leo sijui. Ikabidi nikodi nafasi kwenye yadi ya malori, dola 275 kwa mwezi, dakika 25 kutoka nyumbani. Nikirudi safari usiku mke anakuja kunichukua, watoto wamelala siti ya nyuma na pajama zao.

Barua nyingine: pipa la taka limeonekana kutoka barabarani siku isiyo ya taka. Nyingine: majani yamezidi kimo. Nyingine: goli la basketi la mtoto. Ukitaka kubadili rangi ya mlango unajaza fomu, unaambatanisha kipande cha rangi, unasubiri kamati ikae. Nyumba unalipia wewe, mlango una kamati.

Sasa nina ekari moja nje ya mji, hakuna HOA. Jirani ana mbuzi na jogoo mwenye kiherehere. Bwawa sina. Lori lipo hapo nje, naliona nikinywa chai.

Mtu_wa_Kimara
@Dereva_wa_I35 kaka, pole, lakini mimi HOA nawatetea. Mtaa niliotoka mwanzo haukuwa nayo. Jirani wa kushoto alijaza magari mabovu mpaka kwenye majani, wa kulia alifungua gereji bubu, wanagonga bodi hadi saa tano usiku. Nilipotaka kuuza, wanunuzi walikuwa wanageuzia gari palepale barabarani bila kushuka. Sasa hivi nikipata barua ya majani nakata majani, yanaisha.

Ila kuna jambo moja wengi hawaulizi: nani anaikalia hiyo bodi ya HOA? Mtaa ukiwa bado unajengwa, mwendelezaji ndiye anateua wajumbe. Sheria ya Texas inasema viwanja vikishauzwa asilimia 75, angalau theluthi ya bodi ichaguliwe na wenye nyumba. Kabla ya hapo unakwenda kwenye mkutano, unaongea, wanakushukuru kwa mchango wako.

MamaShani
Asalaam aleikum. Naongelea bwawa, maana ndilo lililotuvuta.

Nakaa kaskazini ya Dallas, si mbali na McKinney. Wenyeji watakumbuka Juni 2015, mtaa wa kupangwa kama hii yetu, vijana wako kwenye sherehe ya bwawa, polisi wakaitwa, askari mmoja akarekodiwa akimbana chini binti wa miaka 15 aliyevaa nguo za kuogelea. Askari aliacha kazi. Hilo ninalo kichwani kila wanangu wakienda peke yao.

Mimi naogelea na vazi la kufunika mwili mzima. Siku za mwanzo kuna mama alimuuliza kijana wa mlangoni kama nguo hiyo inaruhusiwa. Kijana akasoma bango lote mbele yetu: vioo hapana, pombe hapana, nguo za pamba za kawaida hapana, nguo za kuogelea ndiyo. Akamwambia, hii ni nguo ya kuogelea. Mama akarudi kwenye kiti chake. Siku hizi ananisalimia, na mwaka jana aliniomba mapishi ya sambusa. Sikumpa yote.

Kadi ya geti tembeeni nayo hata kama mnajulikana. Wanangu nimewafundisha: ukiulizwa, onesha, usijibizane, nipigie. Watoto wa wenzetu Wazungu niliowaona wakiulizwa kadi ni wachache sana, lakini ndiyo nchi yenyewe.

Na jamani, mabwawa mengi ya mitaa hii hayana mwokoaji. Bango limeandikwa unaogelea kwa hatari yako mwenyewe, basi. Sisi wengi tumekulia bara, kuogelea ni mtoni kwa kuibia. Walipieni watoto masomo kabla ya kiangazi. Na nyie wazazi pia, msione haya, kuna mzee wa Moshi kajifunza hapa akiwa na mvi zake.

Dada_wa_Ocala
Mimi siishi kwenye mtaa wa namna hiyo, nafanya kazi ndani yake. Natunza wazee The Villages, mji wa wastaafu huko Florida.

Kule ni miaka 55 na kuendelea. Kanuni ya shirikisho inataka angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa ziwe na mtu wa umri huo, wajukuu wanakuja kwa kutembea. Watu wanakwenda dukani, kanisani na kwa daktari kwa vigari vya gofu, vina njia zake. Bibi ninayemhudumia asubuhi ana ratiba kunishinda: saa mbili mazoezi majini, saa nne karata, jioni anacheza dansi uwanjani. Ana miaka 84. Mama yangu huko Singida ana 71 na ameshaanza kuitwa kikongwe.

Niwaambie kitu: watu wanaoyatumia mabwawa yale ni wenye muda. Mtoto na mstaafu. Sisi wa katikati tunayalipia.

Pia Florida MUD haipo, kuna CDD, yaani wilaya ya maendeleo ya jamii. Jina jingine, mchezo uleule, inakuja kwenye bili ya kodi.

Shemeji_wa_Frisco
Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Tanga. Asubuhi ya kwanza kafua kanga zake kwa mkono, mashine haiamini, kazianika kwenye uzio wa mbele, kanga nne na shuka. Ilikuwa mandhari nzuri kwa kweli. Barua ikafika kabla hajamaliza wiki. Nikamtafsiria taratibu. Akauliza, "Hao wanaokataza jua, wao nguo wanakaushia wapi?" Tukamhamishia uwanja wa nyuma, nyuma ya uzio mrefu, akaanika huko mpaka siku anaondoka.

Dada_wa_Ocala
@Shemeji_wa_Frisco ungekuwa Florida ungewajibu. Sheria ya jimbo huku hairuhusu HOA kupiga marufuku kamba ya kuanikia. Mwambie mama mkwe safari ijayo ashukie Orlando.

Wa_Ruiru
Hamjambo nyote. Huku kwetu Kiambu mambo haya yameingia kwa kishindo. Tatu City pekee ni ekari 5,000, kuna shule, viwanda na makazi ndani. Mimi niko kwenye estate ndogo tu, si mbali, nyumba 64, bwawa moja, jimu moja.

Shida ya estate ndogo ni hesabu. Bwawa lataka dawa, pampu, stima na mtu wa kulisafisha, kuwe na waogaji au la. Nyumba 64 zikilipa zote, sawa. Kwetu karibu nusu hawalipi, wengine wako ng'ambo na wapangaji wanasema ada ni ya mwenye nyumba. Basi bwawa limekaushwa, watoto wanacheza kandanda ndani yake. Wanaofaidi ni hao.

Halafu geti. Boda boda haingii, mama mboga haingii. Ukitaka sukuma wiki unatembea hadi nje, mita 600, ama unaagiza kwa simu inachukuliwa getini. Mwanzoni niliona ni usalama. Sasa naona mama mboga wetu amejipanga nje ya geti na kibanda cha maana, kila mtu akitoka kazini anasimama pale dakika kumi. Majirani zangu wengi nimewajua kwenye kibanda hicho. Kwenye ukumbi wa pamoja sijawahi kumjua mtu.

Msomali_wa_Columbia
Columbia, Maryland. Huu mji ulianza 1967, James Rouse aliupanga wote kwenye karatasi kwanza. Masanduku ya barua waliyaweka kwa makundi makusudi, majirani wakutane wakichukua barua. Na kuna majengo ya ibada ya pamoja, dini tofauti zinapokezana jengo moja. Ada inahesabiwa kwa thamani ya nyumba. Miti imeshakua, nyumba zimezeeka, wengi hata hawajui kama ni mji wa kupangwa. Kama unaweza kununua mtaa wenye umri, nunua wenye umri. Madeni ya mabomba yanakuwa yamepungua, na kila kilichotakiwa kuharibika kimeshaharibika kwa mwingine.

Aliyeiona_Harvey
Mtoa mada, umetaja magharibi ya Houston. Soma hili taratibu.

Mitaa kadhaa mizuri upande wa Katy imejengwa nyuma ya Barker, bwawa kubwa la kuzuia mafuriko, si la kuogelea. Bwawa hilo na mwenzake Addicks yalijengwa na kikosi cha wahandisi cha jeshi la Marekani miaka ya 1940 kulinda katikati ya jiji. Kuta zipo upande mmoja. Upande wa juu hakuna ukuta, maji yakijaa yanarudi nyuma, na huko nyuma ndiko nyumba zilikojengwa baadaye. Agosti 2017, siku mvua ya kimbunga Harvey ilipokatika kwetu, ndipo maji yalipoingia. Mbingu nyeupe, jua linachomoza, maji yanapanda ngazi ya kwanza, ya pili. Tulitolewa kwa boti ya mtu binafsi, mvuvi tu aliyekuja na yake. Kwenye mto wa kuelea wa mtaa wetu kulikuwa na makochi.

Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho ilisema serikali inawajibika kwa mafuriko ya upande huo wa juu. Fidia ni hadithi nyingine ndefu.

Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Ya shirikisho inalipa mpaka dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vitu, na kwa kawaida inaanza kufanya kazi baada ya siku 30, kwa hiyo usingoje kimbunga kitangazwe. Mkopeshaji akikwambia eneo lako halihitaji, kata bima hivyohivyo. Na ukienda kuangalia nyumba, ziwa la kuchimbwa ni zuri, lakini uliza kazi yake. Mengi ni ya kupokea maji ya mvua, bata wamewekwa baadaye.

Mzawa_wa_Pasiansi
Wakuu nawashukuru. Nyumba moja kati ya tatu nimeitafuta kwenye ramani ya kaunti, ipo nyuma ya Barker. Hiyo imeshatoka kwenye orodha. Mbili zilizobaki moja ni mpya kabisa, nyingine ina miaka 14. @Kitunguu_Saumu, kodi ya MUD inashuka kweli, au ndiyo maneno ya wauzaji? Na hiyo thamani ya 372,000 huwezi kuipinga?

Kitunguu_Saumu
Inashuka kadiri nyumba zinavyoongezeka na deni linavyolipwa, ila haina haraka. Kwetu mwanzo ilikuwa senti 95 kwa kila dola 100, sasa 71. Muuzaji anatakiwa kisheria akupe notisi ya MUD yenye kiwango na deni kabla hujasaini. Ukipewa kwenye rundo la karatasi, itoe pembeni uisome.

Kupinga inawezekana, tunafanya kila mwaka. Mwisho ni Mei 15, au siku 30 tangu wakutumie barua ya thamani, ile itakayochelewa. Peleka bei za majirani waliouza karibuni na picha za nyufa. Ukishahamia tu jaza fomu ya makazi yako ya kudumu: inapunguza thamani inayotozwa kodi ya shule, punguzo lilikuwa dola 100,000 tangu 2023, sasa 140,000, na inazuia thamani ya kutozwa isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Fomu ni bure. Ukipata barua ya kampuni inayotaka hela ikujazie, tupa.

Hiyo ya miaka 14 ina paa la mwaka gani?