"Indeed" inakaa wapi kwenye sentensi?

Mwanagenzi: Wakuu, kamusi inasema "indeed" ni "hakika" au "kweli". Nikiandika "I love this job indeed" nasahihishwa, lakini "Thank you very much indeed" inapita. Kwa nini?

Kalamu Nyekundu: Inayoibeba hapo ni "very". "Indeed" ya mwisho wa sentensi huongeza uzito kwenye "very" iliyokwisha tangulia: "very cold indeed", "very few indeed". Kwa kitenzi kama "love" tumia "really", tena kabla ya kitenzi: "I really love this job".

Ukiitaka kwa kitenzi, ipachike baada ya kitenzi kisaidizi cha kwanza: "She has indeed been paid". Kama kisaidizi hakipo, leta "do", halafu kitenzi kikuu kirudi umbo lake la msingi: "He did indeed leave". Wengi huteleza hapo wakaandika "did indeed left", wakati uliopita mara mbili! "Be" haihitaji "do": "It is indeed true".

Mpiga Chapa: Nyongeza kwa Kalamu: "very" si lazima kila mara. "That is high praise indeed" ni Kiingereza safi, kwa sababu sifa tayari ni nzito. Ila "Thank you indeed" iache, inasikika kama imekatwa katikati.

Ikianza sentensi, ifuatishe mkato, na hoja inayofuata iwe nzito kuliko iliyotangulia: "The road was bad. Indeed, no car could pass." Ukigeuza mpangilio huo, msomaji anabaki anashangaa umesisitiza nini. Na iandikwe neno moja. "In deed" maneno mawili ni kwa vitendo.

Mwanagenzi: Asanteni. Basi kwenye barua ya kuomba kazi, "I am indeed interested" ni sawa?

Kalamu Nyekundu: Sarufi ni sawa, mahali ndipo si pake. "Indeed" ya katikati huthibitisha jambo ambalo tayari limesemwa, limeulizwa au limetiliwa shaka. Wakikuandikia kukuuliza kama bado unaitaka nafasi, jibu hivyo bila wasiwasi. Kwenye barua ya kwanza hakuna aliyeuliza, kwa hiyo "I am very interested in" kisha jina la nafasi inatosha.

Mpiga Chapa: Na "Indeed?" peke yake yenye alama ya kuuliza usimjibu nayo bosi. Mara nyingi husomeka kama "Eti eeh?"