Tupeane uzoefu: kile kipimo cha malaria cha tone la damu kimewahi kukuchezea?

Wa_Barani: Mwanangu kapimwa jana hapa Malindi, mstari mmoja tu wa C, ule wa kuonyesha kipimo chenyewe kinafanya kazi, wakasema hana malaria. Homa bado inapanda na kushuka. Nyinyi yamewakuta?

Mama_Faza: Dada mrudishe leo leo. Wangu alikuwa na miaka mitatu, siku ya kwanza ya homa kapimwa hana, nikakaa nyumbani maana kipimo kishasema. Siku ya tatu usiku macho yakageuka, mikono ikakakamaa, mama mkwe anasema dege huyo afukizwe, mimi namlilia nahodha atupeleke Lamu. Kufika Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, maji yamekupwa, boti ikakwama, wanaume wakashuka kwenye matope kusukuma na mimi nimempakata na leso imelowa jasho lake. Hospitali wakampima tena, mistari miwili papo hapo. Daktari akasema siku ile vidudu vilikuwa vichache, kipimo hakikuvishika. Alhamdulillahi sasa yuko darasa la pili lakini nikisikia injini ya boti usiku moyo waniruka.

Bintishela: Subhanallah. Pole sana mamangu.

Kijana_Maweni: Ndio nasema hivyo vipimo vitupwe, maikroskopu tu!

Wa_maabara: Vitupwe halafu Kiwayuu wapimwe na nini? Maikroskopu yataka mtu aliyesomea na jicho lisilochoka. Zamani kila homa ilikuwa malaria, WHO wakasema 2010 mtu apimwe kwanza ndipo apewe dawa, na kule visiwani kipimo hicho ndicho kilichowezesha.

Kijana_Maweni: Sasa mbona mimi nilimaliza dozi, wiki mbili baadaye homa, kipimo kikasema ninayo tena, nikameza dozi ya pili bure, kumbe ni nimonia?

Wa_maabara: Hapo una haki kulalamika. Kinashika protini ya vidudu, na hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa hata ukishapona. Ukirudi na homa karibuni hivyo waambie ulikunywa dawa lini, wakutazame kwa maikroskopu.

Baba_Mambrui: Kwetu kiliachwa mezani, kikasomwa watu washatoka kuswali.

Wa_maabara: Muda wake ukipita hakisomwi, chukueni kingine. Na mstari wa C usipotokea pia.

Mama_Faza: Wa_Barani, umetoka?

Wa_Barani: Niko kwa tuktuk, nimembeba.