Tupeane uzoefu: uliambiwa una depresio, ulianza na nini?

Mama wa Ndosho (Goma)

Jambo ndugu zangu. Ordonansi yangu, karatasi ya dawa, iko ndani ya Biblia, inaenda wiki ya tatu sasa. Daktari aliandika fluoksetini, kidonge kimoja asubuhi, na chini yake: kuonana na msaikolojia kila wiki. Sijafanya hata kimoja.

Nilienda pale hospitali kwa sababu ya kichwa na tumbo. Malaria nilishapima mara nne, tifoidi mara mbili, majibu hamna kitu, lakini kila mara narudi na mfuko wa dawa. Usingizi unakatika saa tisa ya usiku, kutoka hapo ni kuangalia mabati mpaka alfajiri. Mwishowe nikaacha kupeleka sambaza, samaki wadogo wa ziwa, sokoni. Miguu haikuwa na ugonjwa, kuinuka tu ndiko kulinishinda. Daktari huyu akaniuliza maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: kama bado kuna kitu kinanifurahisha, kama moyo ni mzito, usingizi, uchovu, kula, kujilaumu, na mengine mpaka lile la mwisho, kama nawaza kufa. Kufika swali la pili nilikuwa nalia. Akasema, "Mama, hii ina jina. Ni depresio." Watanzania wanaiita sonona.

Baba watoto anasema ni mawazo, na nani hapa Goma hana mawazo? Tulikimbia volkano ya 2002, tukakimbia tena ya 2021, Januari 2025 vita vikaingia mjini, benki zikafungwa. Wote tumepita humo, kwa nini wewe tu ulale? Sina jibu la kumpa. Dada yangu naye ananivutia chumba cha maombi.

Nawaomba mliopitia mniambie mlianza na nini, kilichukua muda gani, kiliwaletea shida gani. Habari za jirani yako ziache, nipe zako.

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)

Mama, pole. Mimi nina miaka minne na jambo hili, nitakueleza bila kuficha.

Nilianza na amitriptilini, ndiyo iliyokuwepo kwenye kituo cha afya. Inamezwa usiku kwa sababu inaleta usingizi. Usingizi nilipata, na sitasahau usiku wa kwanza nilipolala mpaka jogoo. Lakini mdomo ulikauka kama nimekula unga mkavu, choo kikawa kigumu, na asubuhi nasimama mbele ya ubao nasahau nilichotaka kuandika. Siku ya tisa nikaacha. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba dawa hizi huanza kusumbua kabla ya kuanza kusaidia, kwamba nafuu inakuja baada ya wiki mbili, nne, pengine sita. Nilidhani ni kama dawa ya kichwa.

Nilipoanguka tena nikapanda SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili ya Bafrere, watawa wa Kikatoliki. Kabla ya kubadilisha dawa daktari aliniuliza swali ambalo halikuwa limeulizwa popote: je, kuna wakati uliwahi kukaa siku nzima kadhaa karibu bila kulala na huchoki, maneno yanakimbia, pesa unatapanya? Akaeleza kwamba mtu mwenye hali hiyo akipewa dawa ya depresio peke yake anaweza kupandishwa kichwa vibaya. Mama, kama hujaulizwa, lilete mwenyewe.

Fluoksetini ilinitia kichefuchefu wiki ya kwanza, na mikono ilitetemeka kidogo. Wiki ya tano, narudi kutoka shule, nikasikia harufu ya sombe, majani ya muhogo, nyumbani kwa jirani, nikatamani. Nilisimama njiani. Nilikuwa na miezi sijatamani chakula.

Sasa lile ambalo wanaume hawasemi. Nguvu za ndoa zilipungua, mke wangu akaanza kufikiri nina mwanamke mwingine. Nilinyamaza miezi miwili kwa haya, na kule kunyamaza ndiko kulikovunja nyumba kuliko dawa yenyewe. Nilipomwambia daktari, alipunguza dozi. Na mke wangu nilimpeleka akaelezwa na daktari mwenyewe.

Kosa langu kubwa: mwezi wa tatu nikajiona nimepona, nikaacha ghafla. Baada ya muda mfupi nilikuwa nimelala tena, vibaya kuliko mwanzo. Kumbe ukishapona unaendelea kumeza miezi tisa mpaka mwaka, halafu unapunguza polepole, daktari akikuona.

Kijana wa Kamalondo (Lubumbashi)

Mama, mimi sikumeza kitu. Daktari alisema yangu ni nyepesi, na kwa nyepesi hawaanzi na vidonge. Nilikutana na msaikolojia mara nane. Nilifikiri ataniacha niongee tu, kumbe alinipa kazi ya nyumbani: andika kila siku ulichofanya na moyo ulikuwaje, halafu chagua kitu kimoja kidogo cha kesho. Kuoga kabla ya saa mbili. Kutembea mpaka barabara kubwa na kurudi. Kumpigia bibi. Alisema nisingoje hamu ije ndipo nifanye, nifanye kwanza. Na pombe niliacha, maana kila nilipokunywa jioni, asubuhi ilikuwa nzito zaidi.

Yaya wa Bagira (Bukavu)

Nijibu habari ya chumba cha maombi, kwa sababu mimi nilikaa mule siku ishirini na moja.

Sitawasema vibaya. Waliniosha, walinishika mkono, usiku kulikuwa na mtu macho pembeni yangu. Lakini waliniambia nifunge, mimi ambaye tayari nilikuwa sili, na nilikuwa na dawa wakasema nizitupe, ni kukosa imani. Nilitoka sina nguvu ya kupanda ngazi. Aliyeniokoa ni pasta mwingine, mzee, aliyesema, "Binti yangu, mimi namezea dawa ya presha yangu na maji, na ninaomba. Wewe nani amekukataza?" Mpaka leo Jumapili niko kwaya, na Jumatatu namwona msaikolojia.

Kilichonisaidia zaidi ni kikundi. Wanawake wanane, kila wiki, na mama mmoja aliyefundishwa kazi hiyo, si daktari. Tulijifunza kulikamata wazo, mfano "ni kosa langu yote yaliyotokea", kuliandika na kuliuliza: una ushahidi gani? Baadaye niliambiwa kwamba njia hiyo ilijaribiwa hapa kwetu Kivu kwa wanawake waliofanyiwa ukatili, matokeo yakachapishwa 2013: waliokaa kwenye kikundi cha namna hiyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, na miezi sita baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Waliowaongoza ni wanawake wa hapa hapa, wengine hata hawakuwahi kufika chuo kikuu.

Kwa hiyo usione kama lazima uchague kimoja. Goma mna Tulizo Letu, hospitali ya magonjwa ya akili. Jina lenyewe lina tulizo ndani, mwonyeshe dada yako.

Mukubwa wa Himbi (Goma)

Mama wa Ndosho, nimesoma mara mbili ulichoandika. Umesema maswali yalikuwa tisa, ukatuambia ulilia kwenye la pili. La tisa hukutuambia ulijibu nini.

Nakuuliza kwa sababu mimi nilijibu ndiyo. Siku hiyo hiyo daktari hakuniruhusu kurudi peke yangu, akamwita mdogo wangu. Nililala kwake wiki tatu. Dawa zilikaa kwake, ananipa ya siku moja moja, maana wiki za mwanzo mwili unaweza kupata nguvu kabla moyo haujapoa, na mtu wa namna yetu hapaswi kuwa na pakiti nzima chini ya mto. Sikuona aibu. Nilikuwa nimechoka mno kuona aibu.

Kama jibu lako ni ndiyo, usingoje majibu ya humu. Nenda leo, na usiende peke yako.

Mama wa Ndosho (Goma)

Mukubwa, nilijibu "ndiyo, siku kadhaa". Tangu daktari, wewe ndiye mtu wa kwanza kuniuliza.

Nimemwita mama Furaha, jirani. Tumesoma naye yote haya, na lile la tisa nimemwambia kwa mdomo wangu. Amelia yeye, mimi sikulia. Tunatoka sasa hivi na pikipiki, ordonansi nimeitoa kwenye Biblia. Kama watasema bado nianze dawa, pakiti itakaa kwake, kila asubuhi atanigongea akienda kuteka maji. Baba watoto ameuliza tunaenda wapi, nimemwambia hospitali, akavaa viatu. Bado hajasema neno, lakini amevaa viatu.

Mwalimu, nisaidie moja: ile fluoksetini ulikuwa unameza umekula au kabla ya kula?

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)

Nimekula, Mama. Uji kidogo unatosha, kichefuchefu kinapungua. Ukifika andika tu "nimefika".

Mama wa Ndosho (Goma)

Nimefika.